Taa ya Nyuma ya Nakhle Rizqallah

Wasifu wa marehemu Nakhle Shibli Rizqallah (Abu Shibli), 1946–2018, kama ulivyosomwa na dada yake, Najibe, kanisani Zahle, Jumamosi tarehe 10 Februari 2018

Marehemu Nakhle alizaliwa hapa Zahle, mtaa wa Hosh al-Zaraane, tarehe 13 Septemba 1946, mkesha wa Sikukuu ya Msalaba, mioto ikiwa imekwisha kuwashwa milimani. Alikuwa kitinda mimba wa mzee Shibli Rizqallah, mkulima wa zabibu, na mama Afife. Mkunga alikuwa bado anavua koti mlangoni, mtoto akawa ameshatoka. Mama yake alisema mpaka siku anakufa: "Huyu hakuzaliwa. Huyu alipita." Dada yake Najibe, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, na ambaye ndiye aliyembeba mgongoni wakati naye mwenyewe bado anahitaji kubebwa, ameombwa na padri asome taratibu. Kumwambia mtu wa ukoo huu aende taratibu si jambo dogo, na mtaona kwa nini.

Alisoma katika shule ya mapadri iliyokuwa nyuma ya soko, kuanzia mwaka 1952 hadi 1960. Hakuwa mjinga, jamani, asije mtu akasema hivyo. Tatizo lake lilikuwa pupa. Kwenye imla alikuwa wa kwanza kuweka kalamu chini, darasa zima likiwa bado linahangaika na mstari wa tatu. Mwalimu wake wa Kiarabu alichukua daftari, akalitazama, akaona nusu ya maneno hayamo. Akamwambia: "Mwanangu Nakhle, wewe umefika, hilo silikatai. Lakini mzigo wote umeumwaga njiani." Watoto wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Mwaka ule ule aliacha shule, akaenda kwa mjomba wake aliyekuwa na lori, na hakuna aliyeshangaa.

Leseni ya malori alipewa mwezi Mei 1966. Kuanzia hapo, wazee mlio hapa mnamkumbuka. Alipakia viazi na zabibu za bonde letu kupeleka Beirut, akarudi na sukari, unga na mbao za bandarini, na kila safari ilimlazimu kuvuka mlima wa Dahr al-Baidar, kwenda na kurudi. Mjini Shtura, chini ya mlima, walimwita Radi. Alikuwa akijaza kahawa kwenye chupa pale Shtura, kisha anainywa bandarini mbele ya wenzake ili waone moshi bado unatoka. Kijana mzuri alikuwa, nywele zinang'aa, shati jeupe siku ya kazi, na nyuma ya lori lake jekundu alitundika ushanga wa buluu na kiatu cha mtoto kuzuia jicho baya. Mama yake alikuwa akimwambia, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni, we Nakhle." Naye hujibu, "Mama, ukingo wenyewe naujua, tunasalimiana kila siku." Tulimpenda kwa majibu yake hayo hayo. Hata leo, ukiuliza ni Nakhle yupi anayeingia kwanza katika kumbukumbu ya dada yake, ni huyo wa shati jeupe, mkono mmoja nje ya dirisha, anapiga honi mtaani ili wanawake waondoe nguo kwenye kamba.

Madereva wa siku zile walikuwa na tabia moja, na wa siku hizi wanayo pia, msinitazame hivyo. Wakifika kileleni wanaweka gia huru, lori linateremka kwa uzito wake, dizeli inabaki kwenye tangi, na breki ndizo zinazobeba kila kitu. Na ukungu ukishuka walikuwa na tabia ya pili. Hakuna aliyetazama barabara, maana haikuwapo ya kutazama. Kila mtu aliifuata taa nyekundu ya lori lililo mbele yake, na wa mbele aliaminiwa kwamba njia anaijua.

Tarehe 23 Novemba 1971, kabla ya magharibi, Nakhle alikuwa anateremka kutoka kileleni na shehena ya sukari, gia huru, ukungu kama pamba iliyoloa. Nyuma yake alikuwa Mansur Faris wa Qab Elias, kijana wa rika lake, naye amebeba sukari. Kwenye kona iliyo juu ya kijiji cha Mrejat, Nakhle alikata kwa mazoea, kama mtu anayekwepa meza nyumbani kwake gizani. Akatazama kwenye kioo kuona kama mwenzake naye amekata. Taa hazikuwapo. Alisimamisha lori, akarudi mbio kwa miguu huku anaita jina. Mansur aliifuata taa ya Nakhle kwa mwendo wa Nakhle, lakini ile kona hakuwa akiijua, na korongo lilikuwa pale pale. Sukari ilitapakaa mpaka chini.

Polisi hawakumshika na neno lolote. Waliandika kwamba ukungu ndio uliosababisha ajali. Siku ya tatu alimwambia dada yake, "Vaa nyeusi, twende Qab Elias." Najibe alidhani wanakwenda kutoa pole kama watu wengine. Waliingia chumba kilichojaa wanawake, Umm Mansur, mama wa marehemu, ameketi katikati, na Nakhle hakungoja hata kukaribishwa.

"Mama, mimi ndiye niliyekuwa mbele yake. Aliifuata taa yangu."

Umm Mansur akamtazama. "Ulimwona nyuma yako?"

"Nilimwona."

"Ukapunguza mwendo?"

"Sikupunguza."

Mjomba wa Mansur aliyekuwa mlangoni akamjia. Najibe alishika mkoba wake tayari kumpiga nao, kwa sababu ndugu ni ndugu. Lakini yule mama aliinua mkono. "Mwacheni. Mwanangu harudi kwa kumpiga huyu." Kisha akamwambia Nakhle: "Wewe. Kuanzia leo, endesha kama Mansur bado yuko nyuma yako. Hiyo ndiyo pole yangu, sitaki nyingine. Mpeni kahawa." Wakampa kahawa chungu ya msiba, akainywa amesimama. Alitimiza agizo lile miaka arobaini na moja, mpaka siku aliyoacha usukani.

Alifunga ndoa na Wardeh Nasif wa Jdita tarehe 21 Aprili 1974, katika kanisa hili hili. Wasichana wenzake walikuwa wamemtisha Wardeh: "Ukiolewa na Radi Aprili, Mei utavaa nyeusi." Siku ya kumpeleka kuona nyumba, bibi harusi mtarajiwa alipanda lori na mama yake, na juu ya mapaja ameshika sufuria ya maziwa mgando ya kumpa mama mkwe. Walipofika, hata tone halikumwagika. Wardeh akashuka amenuna. "Mama Afife, niliahidiwa radi, nimeletewa konokono. Maziwa yamekaribia kuwa jibini njiani!" Mama Afife alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Hakujua mwanawe amebadilishwa na nini, na hakuuliza. Mungu aliwajalia watoto wawili, Shibli mwaka 1976 na Rindala mwaka 1979, na hapo ndipo alipoanza kuitwa Abu Shibli, yaani baba yake Shibli.

Vita vilikuja na kukaa miaka mingi kuliko mgeni yeyote. Barabara ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Nakhle alipitisha unga palipopitika, na hayo aliyasimulia mwenyewe vya kutosha, tumwachie. Tunachotaka kikumbukwe ni siku za ukungu. Mlima ukifunikwa, alikuwa anaegesha lori kwenye kibanda cha kahawa kileleni, anangoja magari mengine yakusanyike nyuma yake, kisha anawasha taa zote na kuteremka gia namba mbili, wote wakimfuata. Hakuna aliyemlipa kwa hilo, na wengi walimtukana. "We kobe, sogea, mke wangu anajifungua!" Naye anatoa kichwa dirishani: "Basi fika, akuone!" Kwa kuwa msafara wake ulikwenda kwa mwendo wa maziko, madereva walikuwa wakimwuliza kila mara, na ikawa ndiyo salamu ya pale kibandani: "Abu Shibli, leo tunamzika nani?"

Naye hujibu, bila kuacha kukoroga kahawa yake: "Bado hatujampata. Na tusimpate."

Majira ya baridi ya mwaka 1992, ukungu ulishuka mpaka bondeni. Nakhle aliteremsha msafara wake salama, akapita Shtura, akawa amechoka, njaa inamuuma, akasahau kabisa kwamba anafuatwa. Akakata kona ya mtaani kwetu, akaingia uani kwake, akazima injini. Gari la kwanza likaingia nyuma yake. Likaja la pili. Wardeh alitoka na mwiko mkononi, akakuta ua umejaa magari na watu wasiojuana wanapapasa ukuta. Mmoja alikuwa hakimu, mtu mzima, tai shingoni. "Samahani, mama," akauliza, "hapa ni Baalbek?"

"Hapa ni jikoni kwangu," Wardeh akasema. "Ingieni, mjaddara iko motoni." Wakala dengu na wali na kabichi, hakimu akaongezewa mara mbili, wakanywa araki kidogo mpaka ukungu ulipoinuka. Hakimu yule alituma sanduku la tufaha kila Krismasi hadi alipofariki.

Sasa Shibli. Shibli asikasirike, shangazi yake amembadilisha nepi, ana haki. Shibli alipata leseni mwaka 1997, na kwa hakika alikuwa Nakhle wa shati jeupe aliyerudi duniani. Lori lake ni jipya, lina nguvu, na baba yake akimkanya hujibu, "Baba, breki za siku hizi si zile za safina ya Nuhu." Januari 2009 Nakhle alikuwa anaongoza msafara wake kwenye ukungu, gia namba mbili kama kawaida, lori moja likachomoka nyuma, likapiga honi ndefu, likawapita wote pale pale juu ya Mrejat. Hakuhitaji kusoma namba, honi ile aliinunua yeye.

Jioni ile hakugomba. Aliketi na kusema, "Umenipita, mwanangu."

"Baba, ungenikawiza mpaka kesho."

"Sawa. Na yule aliyekufuata wewe?"

"Yupi?"

"Ndiyo hiyo. Hujui hata kama alikuwapo."

Tangu siku ile, mlima ukifunikwa naye yuko nyumbani, Nakhle alikuwa anapanda juu ya paa la nyumba na kutazama upande wa Dahr al-Baidar. Chakula kinapoa, Wardeh anaita, hashuki. Hakutia tonge mdomoni siku ya ukungu mpaka asikie lori la Shibli linaingia uani. Wakati mwingine alishuka saa tisa alasiri, wakati mwingine jua limekwisha zama, midomo ya buluu kwa baridi, na akiulizwa alikuwa wapi husema alikuwa anaangalia tangi la maji. Nyumba nzima ilijua. Shibli pia alijua, akafanya mzaha kwamba baba amepata kazi ya kuchunga tangi. Hili ndilo lililomtafuna ndugu yetu kuliko ugonjwa. Kifo chake mwenyewe hakikumtisha; alimwogopea mwanawe, akiona amemrithisha mwendo ule na hana namna ya kuurudisha.

Aliacha kuendesha mwaka 2012, moyo ukiwa umechoka. Mwezi Desemba uliopita mapafu yalijaa maji, akalazwa Beirut. Shibli alivuka mlima kila siku kwenda kumwona, na kila siku mgonjwa aliuliza swali moja kabla ya salamu: "Umetumia muda gani?" Akiambiwa saa moja tu, anageukia ukutani. Jumanne iliyopita alimwita Shibli, Najibe akiwapo, akamsimulia habari za Mansur Faris, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtoto wake hata mmoja. Alimsimulia yote, taa na sukari na kahawa ya Umm Mansur. Akamaliza kwa kusema, "Mwanangu, mimi sikuwa mwoga. Nilikuwa na mtu nyuma." Shibli alikuwa ameshika simu mkononi. Akasema, "Sawa, baba," kama watoto wote wanavyosema. Najibe alitamani kuichukua ile simu aitupe dirishani. Nakhle alifumba macho. Alifariki Alhamisi, tarehe 8 Februari, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, na mpaka pumzi ya mwisho hakuwa na hakika kama amesikiwa.

Haya yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizoshika, kwa sababu karatasi zilichapishwa jana. Kwenye karatasi imeandikwa ibada ni saa tano. Sasa ni saa nane kasoro, na Najibe amewasikia mnavyonung'unika huko nyuma. Mna haki ya kujua.

Gari la maiti lililokodiwa lilikataa kupanda mlima asubuhi ya leo kwa ajili ya ukungu. Shibli hakubishana. Lile lori jekundu la baba yake, alilolitunza uani miaka yote hii, alikuwa ameliteremsha Beirut tangu jana. Wenzake walipandisha jeneza, wakalifunga kamba vizuri, wakalifunika turubai. Shibli alizunguka nyuma, akaifuta ile taa nyekundu kwa mkono wa koti lake, akaingia. Najibe aliketi pembeni yake. Kileleni hakukuwa na mlima wala mbingu. Shibli aliegesha kwenye kibanda cha kahawa, akangoja. Malori yakaja, magari madogo yakaja, yakajipanga nyuma. Dereva mmoja mzee, ambaye hakujua kilichomo chini ya turubai, alilitambua lori, akaja akicheka anagonga mlango. "Abu Shibli! Umefufuka? Leo tunamzika nani?"

Shibli alishusha kioo. Mzee akaona ni mtoto, akamwona Najibe na nguo nyeusi. Akavua kofia. Alisimama pale na mvua inamnyeshea kichwani.

"Leo tumempata, ami," Shibli akamwambia.

Wakaanza kuteremka, gia namba mbili, taa zote zimewashwa. Mtu angeweza kushuka, akakojoa, akapanda tena. Simu ya Najibe ililia, ni padri: "Mko wapi? Kanisa limejaa." Ikalia tena, ni binamu kutoka Shtura: "Mwambieni akanyage, watu wana baridi!" Na Najibe, Mungu amsamehe, mtu wa ukoo huu ni mtu wa ukoo huu, akasema, "Shibli, mwanangu, ongeza kidogo basi. Watu wamekaa tangu saa nne."

Walikuwa pale pale, juu ya Mrejat. Shibli hakuondoa macho mbele. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

"Shangazi," akasema, "baba yuko nyuma yangu."

Najibe alitazama kwenye kioo. Lilionekana turubai lililofunika jeneza, kisha taa, na taa nyingine, na nyingine, msafara mzima mpaka unapomezwa na ukungu, na hakuna hata mmoja aliyechomoka. Alizima simu. Hiyo ndiyo sababu tumechelewa, na hatuombi radhi.

Marehemu ameacha mjane, Wardeh, watoto wawili, Shibli na Rindala, mkwe mmoja, wajukuu watatu (mkubwa wao anaitwa Nakhle, naye hatulii kitini hata sasa), dada wa marehemu, Najibe, na madereva walioegesha malori kuanzia mlango wa kanisa mpaka mtoni, ambao hatuwezi kuwataja kwa majina. Familia inawashukuru wote. Mtakaorudi kuvuka mlima leo, ukungu bado upo. Mezani kuna mjaddara, kuleni kwanza.

Siku za ukungu hukuwa ukila wala kushuka kutoka paani mpaka Shibli afike. Shuka sasa, mdogo wangu. Shibli amefika, na wote waliomfuata wamefika. Pumzika kwa amani.